Akionekana Anafanya Kazi, Posho Iondoke?

Serikali ya Kenya ina njia kuu mbili za kumsaidia mtu mwenye ulemavu mfukoni, na njia hizo hazikutani popote. Ya kwanza ni Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, mpango ulioanza mwaka 2011. Ya pili ni msamaha wa kodi uliotangazwa 2010. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akapata na cheti cha Mamlaka ya Mapato (KRA), halipi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi.

Njia ya kwanza inamtafuta asiyejiweza kabisa. Ya pili inamfaa mwenye mshahara. Katikati yao wamebaki watu tunaopishana nao kila siku Karatina, Kerugoya, Chuka na Nanyuki: fundi viatu anayetembelea magongo, kiziwi aliyesoma shule ya viziwi ya Tumutumu na sasa anaosha magari, mama mwenye ualbino anayeuza mboga chini ya mwavuli. Wanafanya kazi, kwa hiyo hawahesabiwi kuwa hawajiwezi. Wanachopata ni kidogo mno kutozwa kodi, kwa hiyo msamaha hauwagusi.

Swali la mjadala huu ni je, mtu aondolewe posho kwa sababu ameonekana akifanya kazi? Sauti nne zifuatazo nimezitunga mimi, ili hoja ambazo kwa kawaida husemwa pembeni baada ya baraza la chifu zikabiliane uso kwa uso. Cucu, yaani bibi, anamlea mjukuu mwenye mtindio wa ubongo huko Mukurweini. Fundi anashona nguo Karatina. Mguu wake wa kulia ulipooza kwa polio utotoni. Mwalimu haoni, anafundisha sekondari Nyeri mjini. Afisa amestaafu kutoka idara ya ustawi wa jamii.

AFISA: Mimi nitasema lisilopendeza, kwa sababu nimekaa upande wa meza ambao ninyi hamjaukaa. Pesa ni chache. Tuseme kata ndogo ina nafasi ishirini na waliojitokeza ni mia moja. Yupo mtoto asiyegeuka kitandani bila kugeuzwa, na yupo Fundi hapa, mwenye duka na wateja. Nikiandika jina la Fundi, kuna jina ninalolifuta. Ndiyo maana mpango ukasema ulemavu uwe mkubwa, mtu awe anahitaji kutunzwa muda wote, na kaya iwe fukara isiyo na mshahara wala pensheni. Hilo si roho mbaya, ni kupanga foleni kwa haki.

FUNDI: Bwana Afisa, hilo duka unalolitaja ni kibanda cha mabati ninachokodi na mwenzangu. Lakini tuliache. Nina kadi ya Baraza. Niliipata kwa kwenda hospitali ya umma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza jopo la madaktari halikutimia. Wakanipima, wakaandika, wakapiga muhuri. Kwa hiyo serikali inakubali kwamba mimi ni mlemavu. Nilipouliza habari za Inua Jamii, mzee wa kijiji akanijibu, "Wewe si una cherehani?" Nikaondoka. Ningemwambia nini? Ningekana cherehani yangu?

AFISA: Alikujibu kwa mkato, lakini hakukosea. Unajitegemea.

FUNDI: Ninajitegemea kwa bei ambayo mwenye miguu miwili hailipi. Cherehani ya kukanyaga siiwezi. Nilianza na ya mkono: mkono mmoja unazungusha gurudumu, mmoja uliobaki ndio unaongoza kitambaa. Januari shule zikifunguliwa, mwenzangu anashona sketi tatu nikiwa kwenye ya kwanza. Baadaye nikafunga mota, sasa nanunua tokeni, na stima ikipotea narudi kwenye mkono. Kitambaa anabeba kijana, namlipa. Kutoka stejini hadi kibandani ni mwendo wa dakika tano kwa wengine, mimi napanda boda boda kwenda na kurudi. Raba za chini ya magongo zinaliwa na kokoto, na zikiisha, siku ya mvua ni kuanguka. Hakuna fomu niliyojaza iliyoniuliza lolote kati ya haya. Zote zinauliza kama ninafanya kazi.

MWALIMU: Hapo ndipo penyewe.

AFISA: Mwalimu, wewe hasa ningependa unyamaze kidogo, kwa heshima. Msamaha wa kodi unaopata ni mkubwa kuliko posho ya Cucu mara kadhaa.

MWALIMU: Sitanyamaza, na wala sitaficha. Kwa mshahara wa shilingi 60,000, kodi ninayosamehewa ni kama 8,000 kwa mwezi. Ni nyingi kuliko za Cucu, na linaniuma. Lakini nieleze zinakokwenda. Nikikusanya insha za kidato cha tatu, siwezi kuzisahihisha mwenyewe. Namlipa kijana akae nami jioni anisomee moja baada ya nyingine, anitajie penye kosa la tahajia, aandike alama ninazomtajia. Mwalimu mwenzangu anamaliza rundo lake akinywa chai. Utumishi wa umma wenyewe unakiri jambo hili, ndiyo maana una posho ya msaidizi kwa mfanyakazi asiyeona, na unaturuhusu watumishi wenye ulemavu kustaafu tukiwa na miaka 65 badala ya 60. Yaani serikali ikiwa ndiyo mwajiri, inajua kwamba ulemavu una gharama hata kwa anayefanya kazi. Kwa nini isijue hivyo hivyo inapomtazama Fundi?

Naingilia hapa, kwa sababu hesabu ya Mwalimu inataka kumaliziwa. Anayepata 150,000 kwa mwezi, msamaha humwokolea zaidi ya shilingi 30,000 kila mwezi. Anayepata chini ya 24,000 hatozwi kodi ya mapato hata akiwa hana ulemavu wowote, kwa hiyo kwake cheti hicho ni karatasi tu. Mwenye mshahara mkubwa ananufaika sana, wa kati kiasi, na Fundi hapati kitu. Upande wa pili, shilingi 2,000 za Inua Jamii zimebaki palepale tangu miaka ya mwanzo ya mpango, huku bei za vitu zikipanda zaidi ya maradufu. Simlaumu Mwalimu kwa haki yake. Ninachosema ni kwamba tumeweka msaada mkubwa pale penye kipato na mdogo pale penye shida, kisha tukamwacha wa katikati ajitetee kwa mzee wa kijiji.

CUCU: Mnanipita na hesabu zenu, wanangu. Mimi nitawaambia kuhusu mjukuu wangu. Ana miaka kumi na tisa. Hatembei, maneno yake naelewa mimi na dada yake tu. Namwogesha, namlisha. Lakini mikono yake siku hizi imepata nguvu. Mwaka uliopita alianza kupukuchua njahi. Polepole, moja moja, lakini hachoki, na akimaliza karai anacheka mpaka majirani wanasikia. Mama mmoja anayeuza nafaka sokoni akaona, akawa analeta maganda yake kwetu na kunipa pesa kidogo kila karai. Pesa za kijana mwenyewe. Basi nikasikia kwamba wanakuja watu wa kuhakiki. Nikachukua lile karai nikalificha nyuma ya zizi. Nikamwambia mtoto, leo usiguse kitu, lala.

FUNDI: Ukamwambia alale.

CUCU: Nikamwambia alale. Akalia. Walipoingia wakamkuta analia, wakaandika, wakaenda. Na zile elfu mbili zikaendelea kuja.

AFISA: Cucu, pole sana. Lakini nikusahihishe: mtoto yule asingeondolewa. Kigezo ni kwamba anahitaji kutunzwa muda wote, na bado anahitaji. Kupukuchua njahi hakumfanyi awe ameajiriwa. Hakuna aliyekuambia utaondolewa.

CUCU: Hakuna aliyeniambia sitaondolewa.

Nimeyasoma maneno hayo tena na tena baada ya kuyaandika, na ningependa msomaji naye ayakalie. Afisa anasema kweli kuhusu kigezo, na Cucu anasema kweli kuhusu maisha. Kanuni isiyotamkwa wazi hujazwa na hofu, na hofu hiyo inamwangukia kijana ambaye kwa mara ya kwanza mikono yake imetengeneza kitu. Hakuna aliyeiba hapa. Bibi wa watu amekadiria hatari kama mtu yeyote mwenye akili angekadiria: upande mmoja pesa ndogo isiyo na uhakika ya karai, upande wa pili elfu mbili zinazonunua nepi na sabuni.

Na hofu hii haipo Mukurweini peke yake. Wakenya wanaoishi Marekani wanaifahamu kwa jina jingine. Kule, anayepokea mafao ya ulemavu yanayotokana na michango yake ya kazini anawekewa kiwango cha mapato: mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, juu zaidi kwa asiyeona. Akikivuka mfululizo, mafao husimama. Lakini hata mfumo huo mkali una kipindi cha majaribio: miezi tisa ambayo mtu anaweza kufanya kazi na kupata chochote bila kupoteza mafao, ili ajue kama mwili utahimili. Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Malipo yao ya kujitegemea, yaliyoanza 2013, hayamuulizi mtu kama ana kazi wala anapata kiasi gani. Yanauliza kama unaweza kuoga, kupika, kutembea, kupanga safari. Wanagombana sana kuhusu upimaji wao, na wana sababu. Lakini hilo moja wamelinyoosha: malipo yanafuata gharama ya ulemavu, na kazi ni jambo la mtu mwenyewe.

AFISA: Unatutajia Uingereza! Kodi wanayokusanya wao na tunayokusanya sisi ni sawa?

MWALIMU: Basi tuiache Uingereza, tubaki nyumbani. Cucu, wewe una miaka mingapi?

CUCU: Sitini na sita.

MWALIMU: Na jirani yako yule mwenye kahawa?

CUCU: Ameshapita sabini. Anapata elfu mbili zake. Ana miti mingi ya kahawa kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, na ng'ombe watatu.

MWALIMU: Bwana Afisa, mwaka 2018 serikali ilipoanzisha Inua Jamii ya wazee wa miaka sabini na kuendelea, ilimpa kila mzee asiye na pensheni ya serikali. Haikuuliza kama analima au anauza maziwa. Zanzibar walifanya hivyo mapema zaidi, 2016, pensheni kwa kila mzee wa miaka sabini. Kwa hiyo tunajua kutoa posho bila kumchungulia mtu jikoni. Mzee wa sabini na moja akipalilia kahawa yake tunamsifu kwamba bado ana nguvu. Fundi wa arobaini akishona sare tunamwambia amejitoa kwenye msaada kwa mikono yake. Tofauti iko wapi?

AFISA: Tofauti iko kwenye kuthibitisha. Umri uko kwenye kitambulisho, hauna ubishi. Ulemavu una ngazi. Ukitangaza leo kwamba kila mwenye kadi atapata pesa kila mwezi, kesho foleni ya kupimwa itatoka hospitali ya rufaa Nyeri ifike King'ong'o. Wengine watakuwa na ulemavu wa kweli, wengine watakuwa na goti linalouma na binamu anayemjua daktari.

FUNDI: Wenye binamu wapo hata sasa.

AFISA: Wapo, na watazidi! Nipe hesabu yako, Mwalimu.

MWALIMU: Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kama laki tisa, asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi. Embu, majirani zetu, ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa asilimia 4.4. Tuseme kila mmoja wa hao laki tisa apewe 2,000 kwa mwezi. Ni kama shilingi bilioni 21.6 kwa mwaka, kwenye bajeti ya taifa inayozidi trilioni nne.

AFISA: Na Shirika la Afya Duniani linasema wenye ulemavu ni asilimia 16 ya watu wote duniani. Kati ya 2.2 na 16, wewe utapanga bajeti na ipi? Sensa ilihesabu watu bila kuwaahidi kitu. Weka pesa mezani uone idadi itakavyopanda. Sisemi hivyo kwa dharau. Wengine watakuwa ni wale waliokuwa wakifichwa nyumbani, na ningefurahi kuwaona. Lakini hazina lazima ijue.

Hoja hii ya Afisa ni nzito, na sitaki kuifunika. Mtu anayetaka posho kwa wote lazima aseme ataanzia wapi na ataongeza vipi, la sivyo anaahidi asichoweza. Ninachokataa ni njia iliyochaguliwa kupunguza foleni. Kuuliza "unafanya kazi?" ni rahisi kwa anayehoji, lakini kunamwadhibu mtu kwa jitihada zake. Kupima ugumu wa maisha na gharama, ni watu wangapi wanakushika mkono kwa siku, unalipa nini ambacho jirani yako halipi, ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayogusa ulemavu wenyewe. Tayari madaktari wanakaa jopo kumpima mtu kabla hajapata kadi. Tathmini hiyo ingeweza kubeba ngazi tatu au nne za gharama, kila ngazi na kiwango chake, na kuanza na ngazi ya juu mwaka wa kwanza. Bajeti ikibana, ngazi za chini zingoje. Lakini asingoje mtu kwa sababu tu ana cherehani.

Tena serikali yenyewe inajipinga. Upo Mfuko wa Kitaifa wa Maendeleo kwa Watu Wenye Ulemavu, ambao hutoa viti vya magurudumu na magongo, hulipia masomo, na hutoa ruzuku kwa vikundi vianzishe biashara. Tangu 2013 zipo pia zabuni za serikali, asilimia 30, zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilizungumzia asilimia tano ya nafasi za kazi. Sheria mpya iliyotiwa sahihi Mei 2025 imeifuta hiyo ya zamani na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi atenge asilimia tano. Hayo yote yanamwita mtu: njoo ufanye kazi. Kisha anafika kwenye orodha ya Inua Jamii anakuta kazi ndiyo inayomtoa.

FUNDI: Hiyo asilimia tano mimi nimeisikia redioni. Ni Wakenya wangapi wameajiriwa na mtu mwenye wafanyakazi ishirini? Karatina nzima hii, toa benki, supamaketi na ofisi za serikali, tuliobaki tumejiajiri. Sisi sheria inatupita juu.

CUCU: Na sisi tunaolea je? Mimi nilikuwa navuna chai kwa watu, kilo kwa kilo. Tangu mama yake afariki siwezi kutoka asubuhi mpaka dada yake arudi shule. Kuna mtu aliyeandika kwenye karatasi yenu kwamba mlezi naye amepoteza kazi?

AFISA: Hapana, Cucu. Hilo halikuandikwa. Pesa inapitia kwa mlezi, lakini kazi ya mlezi haihesabiwi.

CUCU: Basi liandikwe.

MWALIMU: Mimi niko tayari msamaha wangu uwekewe ukomo wa chini kuliko 150,000, mradi kinachookolewa kiende kwa watu kama Fundi na Cucu, kisipotelee njiani. Najua wenzangu wengine watanikasirikia. Lakini hatuwezi kudai haki ya walemavu huku haki yenyewe ikiongezeka kadiri mshahara unavyoongezeka.

AFISA: Wewe ungekubali? Wewe mwenyewe?

MWALIMU: Kwa mshahara wangu ukomo ukishuka hadi 80,000 sipotezi kitu, kwa hiyo nisijisifu. Atakayepoteza ni mkubwa wangu. Ila ningesimama mbele yake niseme.

AFISA: Sawa. Basi na mimi niseme nitakachokubali na nisichokubali. Sheria mpya inahitaji kanuni za kuitekeleza, na kanuni hupelekwa kwa wananchi watoe maoni. Nitakuja ukumbini Nyeri, na nitaunga mkono mambo mawili. Moja: iandikwe, na isomwe kwenye kila baraza la chifu kwa Kikuyu, Kimeru, Kiembu na Kiswahili, kwamba mtu anayepokea posho haondolewi kwa sababu amejaribu kazi, na akipata ajira ya kudumu apewe angalau mwaka mmoja kabla ya kuchunguzwa upya, na ajira ikivunjika arudi bila kuanza foleni. Hilo halina gharama ya kutisha. Mbili: tathmini iandike gharama za mtu, si ugonjwa tu. Lakini posho kwa kila mwenye kadi, hapana. Si sasa. Sitaweka jina langu kwenye ahadi ambayo hazina itaivunja mwezi wa tatu, Cucu asafiri mpaka kwa wakala akakute akaunti haina kitu. Hilo nimeliona, na kuona mara moja kulinitosha.

FUNDI: Na mimi hapo katikati?

AFISA: Wewe unabaki pale ulipo, kwa sasa.

FUNDI: Basi ukumbini mimi nitazungumza baada yako, Bwana Afisa. Nitakuja na raba za magongo za mwaka mzima kwenye mfuko, nizimwage mezani, niulize zimelipiwa na nani.